Kamera Nayo Ipige Hodi

Kwetu hakuna mtu anayeingia nyumba ya mwenzake bila kupiga hodi. Mlango ukiwa umefungwa, hodi hupigwa. Mlango ukiwa wazi na mwenye nyumba anaonekana uani akipepeta mchele, hodi hupigwa vilevile. Na ikipigwa mara tatu bila kuitikiwa, mgeni hurudi alikotoka bila kinyongo. Hodi si kufuli, maana haiwezi kumzuia mwenye nguvu asiingie. Ni neno tu. Lakini neno hilo linakiri jambo kubwa: kwamba ndani kuna mwenyewe, na kwamba mimi niliyesimama nje sina haki ya kuwa ndani mpaka yeye aniambie karibu.

Swali ninalotaka tulitafakari, ndugu msomaji, ni hili: je, uso wa mtu nao ni nyumba? Mtu anapotoka kwake na kupita barabarani, amekwisha kumfungulia mlango kila mwenye kamera, au bado anastahili kupigiwa hodi?

Swali hili tulisafiri nalo, mimi na mke wangu, mwaka 2018 tulipokwenda Ulaya kwa wiki tano. Mtoto wetu wa pili anafanya kazi Hamburg, Ujerumani, na baada ya mimi kustaafu ukuu wa chuo cha ualimu alitusisitizia twende tukaone anakoishi. Kutoka Hamburg tulikwenda Paris kwa treni, kutoka Paris tukapanda ndege hadi Lisbon, kisha tukafuata pwani ya Ureno kwa basi hadi mji wa wavuvi uitwao Nazaré. Mtoto wetu alitununulia kamera ndogo, nasi tukagawana kazi: mimi nishike kamera, mke wangu ashike daftari la kuandika mahali, tarehe na kilichomo pichani. Yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa zaidi ya miaka thelathini, na daftari lake halikosi mistari iliyopigwa kwa rula.

Siku ya kwanza tu aliongeza safu moja ambayo sikuitarajia. Juu yake aliandika "Ruhusa". Kwa picha ya jengo, aliweka kistari. Kwa picha ya mtu, alitaka kujua kama mtu huyo ameombwa, na jina lake nani. Nikamwuliza kama tumekuja kutembea au kufanya sensa. Akanijibu, "Mwalimu, nyumbani kwa mtu huingii bila hodi. Usoni pake unaingiaje?"

Tangu hapo tulijadiliana kila siku, ndani ya treni na mezani. Kwa kuwa maisha yangu yote nimewafundisha wanafunzi kuupima upande wa pili kabla ya kuuhukumu, nilijipa kazi ya kuutetea upande huo kwa nguvu zote.

Upande huo husema hivi. Wahenga walinena kwamba macho hayana pazia. Kilichopo njiani ni cha wapita njia wote. Mimi nina haki ya kukutazama unapopita, nawe una haki ya kunitazama. Kamera ni jicho tu lenye kumbukumbu nzuri. Ikiwa sikuombi ruhusa nikutazame, kwa nini nikuombe ruhusa nikupige picha?

Hoja hii ina uzito, lakini inachanganya mambo mawili: kuona na kuweka. Macho hayana pazia, ni kweli, ila pia hayana kasha. Ninapokuona njiani, nawe unaniona. Tumekutana sawa kwa sawa, na kila mmoja anaweza kumsalimu mwenzake au kumkunjia uso. Tukishapishana, ninachobaki nacho ni kumbukumbu inayofifia siku hata siku. Kamera inauvunja usawa huo. Mwenye kamera amejificha nyuma ya kioo, ilhali mwenzake yuko wazi. Kisha kilichokuwa cha dakika moja kinafanywa cha miaka mia, na kinapelekwa mbele ya watu ambao mwenye uso hajapata kukutana nao. Aliyetoka kwenda sokoni amekubali kuonwa na watu wa sokoni. Hakukubali kutazamwa katika sebule ya mji asioujua, miaka hamsini baada ya kufa kwake.

Wajerumani walilazimika kulifikiria jambo hili mapema. Otto von Bismarck, kansela wa kwanza wa Dola ya Ujerumani, alifariki tarehe 30 Julai 1898 nyumbani kwake Friedrichsruh, si mbali na Hamburg. Usiku uleule wapiga picha wawili waliingia kwa siri chumbani alimolazwa, wakaipiga picha maiti, kisha wakatafuta mnunuzi. Familia ilikwenda mahakamani na picha ikazuiwa. Lakini majaji walijikuta hawana sheria isemayo kwamba sura ya mtu ni mali yake au ya jamaa zake. Iliwabidi wasimamie juu ya kosa jingine, la kuingia nyumba ya watu bila haki. Kwa lugha yetu, watu wale walishikwa kwa kutopiga hodi mlangoni, maana hodi ya usoni ilikuwa bado haijaandikwa.

Iliandikwa mwaka 1907, na sheria hiyo inatumika hadi leo. Picha ya mtu isisambazwe wala isionyeshwe hadharani bila ridhaa yake, na akifa, kwa miaka kumi ridhaa itolewe na jamaa zake. Waliiwekea mipaka yenye busara: mtu ambaye ni sehemu ya historia ya wakati wake, mtu aliyeingia kwa bahati tu katika picha ya mandhari, na mikusanyiko na maandamano. Niliposimuliwa habari hii nilifikiri jambo moja ambalo sheria haikulitaja. Katika miaka hiyohiyo nchi yetu ilikuwa chini ya Ujerumani, na wapagazi, askari na wanawake wa nchi hii walikuwa wakipigwa picha zilizouzwa kama kadi za posta. Hakuna aliyefika mahakamani kwa ajili ya nyuso zile.

Hata hivyo si haki kusema kwamba kukosa jina kulianzia kwetu. Mjini Paris tulitembea hadi Boulevard du Temple. Majumba mengi ya zamani ya sehemu ile yalivunjwa katika karne ya 19 kupisha ujenzi mpya, kwa hiyo hapana mengi ya kutazama. Lakini ni hapo ambapo Louis Daguerre, mwaka 1838, alielekeza kamera yake barabarani kutoka dirisha la juu. Chombo chake kilihitaji dakika kadhaa kunasa mwanga. Watu na magari ya farasi yaliyokuwa yakipita hayakutulia muda wa kutosha, basi yote yakapotea, na barabara ikatoka tupu. Mtu mmoja tu alisimama mahali pamoja, kwa kuwa alikuwa amemwekea mguu mpiga viatu rangi. Huyo hutajwa mara nyingi kuwa binadamu wa kwanza kuonekana katika picha. Hakujua kwamba anapigwa picha, na jina lake halikuandikwa, wala la yule aliyeinama kwenye kiatu chake.

Kwa hiyo tabia hii kamera ilizaliwa nayo. Tangu picha ile ya kwanza ilichukua uso ikaacha jina. Chombo hakina lawama, kwa sababu chombo hakina adabu wala utovu wa adabu. Adabu ni ya mkono ulioshika.

Lisbon ndiko mjadala wetu ulikokoma kuwa wa kupitisha muda. Mke wangu ni mzaliwa wa Kilwa Kivinje. Katika makumbusho ya taifa ya sanaa za kale mjini humo kipo chombo cha ibada cha dhahabu kiitwacho Custódia de Belém, kilichomalizika mwaka 1506. Dhahabu yake ilitoka Kilwa. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika huko na merikebu zenye mizinga, akamlazimisha sultani alipe kodi kwa mfalme wa Ureno, na mwaka 1505 Wareno wakauteka mji wenyewe. Ufundi wa chombo kile ni wa ajabu, siwezi kuukana. Lakini kilichotusimamisha ni maandishi yaliyozungushwa kwenye kitako chake, yanayosema kwamba Mfalme Manuel aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Jina la Kilwa liko pale, limeandikwa na waliochukua.

Mke wangu aliwaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Dhahabu wameiandikia ilikotoka. Mama hawakumwandikia."

Inanipasa nieleze. Mama mkwe wangu alifariki mwaka 1966, mke wangu akiwa bado binti mdogo wa shule. Miaka michache kabla ya hapo, wageni wa Kizungu waliokuwa wakielekea kuona magofu ya Kilwa Kisiwani walimkuta barazani akisuka ukili. Mmoja wao akampiga picha, akampa shilingi, wakaenda zao. Hiyo ndiyo picha pekee aliyopata kupigwa maishani mwake. Ndugu wote wakubwa waliikumbuka siku ile, lakini hakuna hata mmoja aliyeiona picha. Leo mke wangu, akijaribu kumkumbuka mama yake, anaona vidole vikisuka. Uso haumjii. Na bado anajua kwamba uso huo ulihifadhiwa, na huenda upo hata sasa, ndani ya kasha katika nyumba ya mtu, na nyuma yake pengine pameandikwa "mwanamke" na mwaka, basi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini, katika kila mnada wa vitu vikuukuu tuliopita Hamburg na Paris, alisimama kwenye makasha ya picha za zamani akizipekua moja moja.

Yule mgeni hakuwa mwizi. Alitabasamu, alilipa, na yaelekea aliiona picha ile kuwa nzuri. Wala simlaumu mtu nisiyemjua. Lakini kisa hiki kinaonyesha kwamba deni la picha halilipwi kwa shilingi. Shilingi ilikuwa ujira wa kuketi kwa dakika moja. Kilichochukuliwa kilikuwa kikubwa kuliko dakika: kilikuwa kitu pekee ambacho watoto wake wangekihitaji baada ya yeye kuondoka, nacho kikaenda kwa mtu asiyekihitaji.

Lugha yetu ina neno linalofaa hapa, nalo ni amana. Amana ni kitu kilichoko mikononi mwako lakini kikabaki kuwa cha mwenyewe. Unaweza kukitunza miaka mingi, unaweza hata kukipenda, lakini hakigeuki kuwa chako kwa sababu umekitunza. Na aliyepokea amana ana wajibu wa kujua ni ya nani, ili siku ikidaiwa aweze kuirudisha. Mimi naona picha ya mtu ni amana. Mpiga picha ana haki yake, maana jicho na ufundi ni vyake, lakini uso ameazimwa.

Kwamba jambo hili linawezekana tulilishuhudia katika mji uleule. Mouraria ni mtaa wa vichochoro ambako Waislamu walitengewa pa kuishi baada ya Wakristo kuuteka mji wa Lisbon mwaka 1147. Mpiga picha Mwingereza aitwaye Camilla Watson, ambaye alihamia mtaani humo, aliwapiga picha wazee wakazi wa hapo, na picha hizo hakuzichukua kwenda nazo mbali. Alizichapa kwenye kuta za mtaa wao wenyewe, katika kichochoro kiitwacho Beco das Farinhas, pale wanapopita kwenda kununua mkate. Mke wangu alipita ukuta hadi ukuta akiwatazama. Hizo ni picha zilizorudishwa kwa wenyewe.

Huko Nazaré wanawake huanika samaki ufukweni juu ya nyavu zilizowambwa kwenye fremu za mbao, na harufu yake haina tofauti na ya kwetu. Mke wangu alimwendea mama mmoja, akamwamkia kwa mikono na tabasamu kwa kuwa hawakuwa na lugha ya pamoja. Wakaoneshana jinsi ya kupasua samaki, kila mmoja akiucheka ufundi wa mwenzake. Kisha akaionyesha kamera, akanyoosha kiganja kama anayesubiri kupewa. Yule mama alifunga upya kitambaa chake cha kichwa, akasimama wima, akakubali. Aliandika jina na anwani katika daftari kwa mkono wake. Jina hilo silitaji hapa, kwa sababu alituandikia sisi na si kitabu hiki. Picha tulimtumia kwa posta kutoka Hamburg. Karibu na hapo mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu alitikisa kichwa kukataa, nasi tukapita. Katika safu ya Ruhusa mke wangu aliandika "La", na mbele yake, mahali pa namba ya picha, hapana kitu.

Sasa nirudi kwenye upande wa pili, kwa maana bado una hoja mbili zinazostahili jibu.

Ya kwanza ni kwamba ukimwomba mtu ruhusa, unapoteza ukweli wake. Yule mama wa Nazaré kabla ya kuombwa alikuwa ameinama juu ya samaki. Baada ya kuombwa alifunga kitambaa akasimama kama askari. Nakubali kwamba picha ya kwanza ilipotea, na haitapatikana tena. Lakini nani amesema kwamba mtu asiyejua anatazamwa ndiye wa kweli, na anayejiweka sawa ni mwongo? Sisi hatutoki nyumbani kabla ya kuoga na kuvaa, na hakuna anayetuita waongo kwa hilo. Anayejiweka sawa mbele ya kamera anatuambia jinsi anavyotaka kukumbukwa, na huo nao ni ukweli, tena ni ukweli wake mwenyewe.

Ya pili ni nzito zaidi. Je, mwenye kutenda uovu naye apigiwe hodi? Askari anayempiga raia, kiongozi anayepokea rushwa, tajiri anayemwaga sumu mtoni? Kama kamera ingekuwa inasubiri karibu ya watu kama hao, dunia isingejua mengi inayoyajua. Hapa mke wangu nami hatukutofautiana. Hodi ni heshima kwa mwenye nyumba, na anayemdhulumu mtu hadharani hawezi kudai kwamba barabara ni chumba chake cha kulala. Ila tuangalie vizuri ni nani tunayemwonyesha. Picha inayomfichua dhalimu mara nyingi humwonyesha pia aliyedhulumiwa, akiwa chini, nguo zimechanika. Yule wa pili hakukosa lolote. Hodi yake ingali palepale.

Tena si kila mlango una hodi ya namna moja. Katika soko la samaki la Hamburg, lililoanza mwaka 1703 na ambalo hufanyika Jumapili alfajiri, wauzaji hupiga kelele, hutania na kurusha bidhaa ili watazamwe. Hao wamesimama mlangoni wakituita. Na huko Cabo da Roca, ncha ya magharibi kabisa ya bara la Ulaya, mahali ambapo jabali linasimama mita 140 hivi juu ya bahari, nilipiga picha nilivyotaka na mke wangu akaweka vistari vyake bila neno. Bahari haina mama wala mtoto wa kuitafuta.

Leo kila mmoja wetu ana kamera mfukoni, ndani ya simu. Watu huwapiga picha majeruhi wa ajali kabla ya kuwanyanyua. Maiti wanapigwa picha msibani, na kabla jeneza halijafungwa zimekwisha kufika kwa watu wasiohusika. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, nayo Tanzania ikatunga ya kwake mwaka 2022. Nazipongeza, lakini sheria ni ua wa nje tu. Mwenye nia mbaya hutafuta tundu katika ua, na mwenye adabu hupiga hodi hata pasipo na ua.

Ninachoomba si kizito. Ukitaka uso wa mtu, muulize, na akikataa, pita. Akikubali, uliza jina lake, na ukiweza mfikishie nakala. Simu zilizotuletea uharibifu huu ndizo zinazofanya kurudisha amana kuwe rahisi kuliko wakati wowote uliopita.

Na jambo la mwisho ni kwa walio na makasha ya picha za zamani, wawe Ulaya au Kilwa. Hata majumbani mwetu zimo picha za watu ambao wajukuu hawawajui tena. Zitoeni, mkae na mzee wa nyumba mchana mmoja, na nyuma ya kila picha muandike jina, mahali na mwaka. Penseli inatosha. Fanyeni hivyo maadamu bado yupo anayekumbuka, kwa maana pengine kuna mtoto wa mtu, mwenye mvi sasa, anayepita kwenye meza za vitu vikuukuu akiutafuta uso huo.